Kidole Kimoja Tu

Daktari wa meno alizima mashine yake, akashusha barakoa hadi kidevuni, akamtazama mgonjwa wake kama unavyomtazama mbuzi uliyemkuta amekaa sebuleni.

"Mwalimu," akasema, "toa mkono."

Mwalimu akaangalia chini. Kweli bwana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umemshika daktari kifundo cha mkono, tena umekaza, na ulikuwa unamwongoza taratibu kuelekea jino la mwisho la chini.

"Nakusaidia tu," akajitetea, ila kwa kuwa nusu ya mdomo ilikuwa imekufa ganzi, maneno yalitoka kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo.

"Hunisaidii. Unanifanyia vilevile unavyonifanyia kule juu. Kule nanyamaza kwa sababu wewe ndiye mwalimu. Hapa, jino ni lako lakini kazi ni yangu. Kalia mikono yako."

Akaikalia. Jino likatobolewa, likasafishwa, likazibwa vizuri, na muda wote huo vidole vyake vilikuwa vinacheza chini ya mapaja kama panya kwenye gunia.

Kule juu ni angani. Mwalimu alikuwa anafundisha watu kurusha ndege ndogo, na mama huyu daktari alikuwa mwanafunzi wake, mwezi wa nne sasa, kila asubuhi kabla ya kufungua kliniki. Alikuwa ameshajua kupaa, kukata kona, kuongea na watu wa mnara bila kigugumizi. Kilichobaki ni kuruka peke yake.

Ukimuuliza Mwalimu aliingiaje kwenye ualimu, atakwambia aliingia kama mtu aliyejibanza dukani kukwepa mvua akaishia kuwa muuza duka. Alipata leseni ya urubani akiwa na miaka ishirini na mitano, na makampuni ya ndege kubwa hayamtaki rubani asiye na saa nyingi za kuruka. Saa hizo usiponunua ndege yako mwenyewe, utazipata kwa kukaa pembeni ya watu wanaojifunza. Basi akasema, nafundisha mwaka mmoja tu, halafu naondoka. Mwaka huo mmoja sasa una miaka ishirini na sita, na bado haujaisha.

Si kwamba hakuwahi kuondoka. Aliondoka. Kampuni moja ilimchukua kuwa rubani msaidizi, ikamvisha sare na kofia, mama yake akampiga picha akaitundika ukutani, na picha ile imedumu kuliko kazi yenyewe. Kazi ilidumu siku kumi na tisa. Siku ya kumi na tisa, rubani mkuu, mzee wa mvi aliyetua viwanja vyote unavyovijua na usivyovijua, alikuwa anaishusha ndege yenye abiria zaidi ya mia, akasikia sauti laini kutoka kiti cha kulia: "Vizuri... vizuri sana... sasa inua pua kidogo... usiogope." Kisha akahisi kidole kwenye usukani.

Ripoti ya mzee ilikuwa ya sentensi moja: "Kijana ni hodari, lakini mimi sikumbuki kujiandikisha darasani kwake."

Mwalimu akarudi shuleni akisema amewakumbuka wanafunzi wake. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Ile nusu nyingine aliwasimulia watu mwenyewe, kwa sababu aligundua mapema kwamba ukijicheka wa kwanza, wenzako wanachelewa foleni.

Ila tabia haikucheka. Ndege ya kufundishia ina sukani mbili zilizounganishwa, mwanafunzi ana wake, mwalimu ana wake, ukigusa huu na ule unacheza. Ndiyo maana kuna sheria: anayetaka kuichukua ndege anasema, "Naichukua," na mwenzake anajibu, "Ichukue," ndipo anaachia. Sheria hiyo Mwalimu aliiandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Yeye mwenyewe hakuwa akisema kitu. Ndege ikikaribia ardhi, anapenyeza kidole. Kimoja tu. Anasahihisha kidogo, anakirudisha pajani, halafu anamwambia mwanafunzi, "Umeona? Umetua vizuri mwenyewe!" Na yeye mwenyewe alikuwa anaamini.

Barua ndiyo iliyomzindua. Cheti cha ukufunzi huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na safari hii mkaguzi wa mamlaka ya anga aliandika ukurasa mzima. Wanafunzi sita wa mwisho wa Mwalimu, waliporuka peke yao mara ya kwanza, watano waliidundisha ndege kama mpira, wa sita alizunguka uwanja mara nne kabla ya kuthubutu kushuka. Wote walieleza jambo moja: ndege ilikuwa nzito nilipokuwa peke yangu. "Mwalimu," barua ikamalizia, "nina wasiwasi uzito huo ni kidole. Nakuja Ijumaa. Nitakaa kiti cha nyuma, mwanafunzi wako atatua. Ukigusa usukani au ukisema neno, cheti sikurudishii."

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, miaka kumi na minane iliyopita. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikua akawa na kalamu.

"Wakikunyima utafanya kazi gani?" mkewe akamuuliza Alhamisi asubuhi, akiwa ameshika birika.

"Kinyozi."

"Kinyozi anamshika mteja kichwa, wewe utaanza kuwashika vinyozi wenzako mikono. Baba watoto, ukipanda gari la mtu, mguu wako unakanyaga breki isiyokuwepo. Juzi kwenye harusi umemsaidia bibi harusi kukata keki." Akamwekea kikombe mbele. "Kalia mikono. Leo tunafanya mazoezi."

Akakalia. Mke akaanza kumimina chai. Ikafika nusu. Ikafika robo tatu. Mwalimu akameza mate. Ikafika ukingoni, ikavimba, na mke hakuacha kumimina, macho yake yako kwa mumewe. Mkono ukachomoka kama mjusi, ukashika birika.

"Umefeli," mke akasema. "Kunywa chai yako ya kufelia."

Alikunywa huku anawaza. Miaka hamsini na mmoja, na kazi pekee anayoijua inataka asifanye kitu.

Ijumaa palikucha shwari. Mfuko wa upepo pale uwanjani ulikuwa umelala juu ya mlingoti wake kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba. Daktari akakaa kushoto, Mwalimu kulia, mkaguzi nyuma na fomu yake magotini.

"Shikamoo Mwalimu," mkaguzi akasema.

"Marahaba mwanangu. Unanitakia mema?"

"Sana. Kalia mikono."

Wakapaa. Wakazunguka uwanja. Daktari alifanya kila kitu kwa utulivu wa mtu anayelipwa kuingia midomoni mwa watu. Akapunguza moto wa injini, akageuza, wakauelekea uwanja. Moyoni Mwalimu alifundisha darasa zima: mwendo, mama, mwendo... hapo... sasa pua... Lakini mdomo aliufunga, na ulimi akaupa kazi ya kulisukuma lile jino lililozibwa juzi. Mikono ilikuwa chini ya mapaja, imekufa ganzi kabisa, mpaka akashukuru.

Ardhi ikaja. Na ndege ikatua. Ikatua laini hivi kwamba alijua wameshuka kwa sauti ya matairi tu, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

"Lo!" mkaguzi akasema huko nyuma.

Mwalimu alitaka kulia. Miaka ishirini na sita, na hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, na hakukifanya!

Wakaegesha mbele ya banda, wakazima injini. Mkaguzi akatoa kalamu. "Mwalimu, naomba radhi. Nilikudhania vibaya. Na kwa kutua kule, mimi naona Daktari aruke peke yake sasa hivi, hali ya hewa ingali nzuri. Mnasemaje?"

Daktari akavua hedifoni, uso umemchangamka, akamwinamia Mwalimu. "Asante," akanong'ona. "Nilikuhisi pale mwisho ulivyoichukua. Nikaachia, kama kawaida yetu."

Mwalimu akamgeukia. "Uliachia?"

"Si uliichukua?"

"Daktari, mikono yangu hii hapa." Akajaribu kuitoa, ikakataa. "Nimeikalia tangu tunapaa."

Wote wawili wakautazama usukani, kama wenye nyumba waliokuta chakula kimeiva na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye yuko jikoni.

Nyuma, kalamu ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Ilibaki saini. Mwalimu alijua hesabu yake vizuri: anyamaze, cheti kinarudi, miaka miwili mingine. Na dakika kumi baadaye huyu mama atakuwa kule juu peke yake, ardhi inakuja, naye ataachia kwa adabu zote, akimngoja mtu aliyesimama hapa chini mikono mfukoni. Akisema, basi ni kinyozi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ubaya ni kwamba hapa maradhi ni ya mmoja na kifo ni cha mwingine.

"Mkaguzi," akasema, "usisaini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pale hapakuwa na mtu. Yeye alidhani nimeichukua, mimi nilidhani anayo yeye. Hatukuitua sisi."

"Sasa nani kaitua?"

"Imetua yenyewe, mwanangu. Imechoka kutungoja."

Kitu kikaanza kutetemeka kwenye kiti cha nyuma. Mkaguzi alikuwa anacheka, anacheka mpaka kalamu ikamdondoka ikaingia chini ya kiti. "Basi cheti niiandikie ndege!" akasema, akajifuta macho. Akatulia. "Unajua, mimi siku yangu ya kwanza peke yangu nilidunda mara tatu. Nikaandika kwenye daftari ndege ina kasoro. Mafundi wakaifungua siku mbili, hawakuona kitu."

"Nakumbuka," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. "Niliwasaidia kuifungua."

Akacheka na yeye, lakini kicheko kilifika nusu kikarudi.

"Nimemfundisha kuachia," akasema. "Miezi minne. Ndicho nilichomfundisha vizuri kuliko vyote."

Mkaguzi akakunja fomu. "Washeni. Tunarudia."

Wakarudia. Daktari safari hii alikuwa ameshika usukani kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani. Walipouelekea uwanja, Mwalimu akavunja sharti, akasema, maana hili lilikuwa lazima lisemwe.

"Daktari. Mimi sipo."

"Upo, nakuona."

"Kiti ndicho kipo. Mimi nilishaondoka. Ndege ni yako mpaka isimame. Sawa?"

"Sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa wake yeyote.

Walikuja wamepinda. Walikuja juu mno, kisha chini mno. Ndege ikagonga, ikaruka, ikaning'inia pale hewani ikiwaza maisha yake. Mkono wa kulia wa Mwalimu ukachomoka. Akauona unavyokwenda, kidole kimenyooka mbele kama kinamjua mwenyewe. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaukumbatia kifuani kama mtoto mtundu kanisani, akauma meno. Ndege ikagonga tena. Meno yakagongana. Kitu kikapasuka mdomoni. Daktari akapiga kelele, lakini hakuachia. Akaongeza moto kidogo, akanyoosha pua, akaishikilia pale, akaishikilia, na mara ya tatu ndege ikabaki chini.

Wakaegesha tena mbele ya banda.

"Hiyo," Daktari akauliza, anahema, "imetuliwa na nani?"

"Na wewe," Mwalimu akasema. "Ndege yenyewe isingekubali aibu ile."

Mkaguzi akatafuta kalamu chini ya kiti kwa muda mrefu. Alipoinuka, kofia ilikuwa imemwendea upande. "Ile ya kwanza nisingeweza kuisaini, haikuwa na mwenyewe," akasema. "Hii ina mwenyewe, na lile neno ulilosema nakusamehe. Miezi sita, Mwalimu, si miaka miwili. Nitarudi. Na huyu haruki peke yake leo. Mpe safari kumi mbaya kama hii, za kwake, ndipo ushuke umwache. Kidole kiko wapi?"

Mwalimu akakiinua. Kilikuwa bado kimeelekea usukani.

"Kitazoea," mkaguzi akasema, akasaini.

Mwalimu akautembeza ulimi, akatema kiganjani kipande kidogo cheupe. Wote watatu wakakiangalia.

"Kizibo nilichokiweka juzi," Daktari akasema.

"Ulikiweka vizuri. Umekitoa vizuri zaidi."

Alasiri ileile alikuwa amelala tena kwenye kile kiti kinachoegemea nyuma, taa usoni, nusu ya mdomo imekufa. Daktari akavuta barakoa, akashika mashine. "Mikono?"

"Nimeikalia."

"Nani anafanya kazi hapa?"

"Wewe. Mimi sipo."

"Vizuri." Mashine ikaanza kulia. Ikasogea. Daktari akasita, akageuza shingo, akatazama mwisho wa kiti. Kiatu cha kulia cha Mwalimu kilikuwa kinakanyaga hewa kwa nguvu zake zote, mpaka kisigino kimechomoka.

"Na huo mguu?"

"Huo," akajibu kutoka ndani ya ndoo, "haukuandikwa kwenye barua."