Wanafunzi Arobaini wa Siamalele

Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, Mwalimu Mutinta Haamoonga alifungua daftari la mahudhurio akijua atahesabu thelathini na mmoja. Barua ya wilaya ilikuwa mezani: shule isiyofikisha wanafunzi arobaini itafungwa, na watoto watahamishiwa shule nyingine, mwendo wa saa nne kwa miguu.

Alipofika katikati ya orodha, wale tisa waliozama mtoni mwezi wa Februari wakija shule waliingia, wakamwamkia, wakakaa kwenye madawati yao. Sare zao zilichuruzika maji.

"Mmechelewa," alisema Mutinta.

"Utusamehe, mwalimu. Njia mbaya," akajibu Luyando, aliyekuwa kiranja.

"Sogea huko, unanilowanisha!" jirani yake alilalamika. Luyando akasogea.

Tangu hapo hawakukosa hata siku moja. Hawakuugua malaria, hawakubakishwa nyumbani kuchunga ng'ombe, wala hawakusinzia kwa njaa. Mtihani wa Julai ulipofanyika, walishika nafasi tisa za kwanza, na shule ikatoka mkiani ikawa ya tatu wilayani.

Septemba alikuja mkaguzi, Bwana Simwiinga. Alihesabu vichwa mara mbili, akaridhika. Mlangoni alimkuta Mama Choolwe, ambaye bintiye alikuwa mmoja wa wale tisa.

"Baba, lile daraja mlilotuahidi limefikia wapi?"

"Mama, watoto arobaini wanafika kila siku. Daraja la nini tena?"

"Wangu alizama."

"Lakini anafika," mkaguzi alisema kwa upole, akampa Mutinta fomu aijaze.

Mutinta alishika kalamu. Akiwaondoa wale tisa, shule inafungwa. Akaandika arobaini, asimtazame Mama Choolwe usoni.

Mwishoni mwa Novemba mto ulijaa. Alhamisi moja, Mweemba na dadake Chipo hawakuitika majina yao. Mutinta aliwaruka, akasoma wengine polepole kuliko kawaida. Kabla hajamaliza, mama yao alitokea akikimbia peku, kitenge kimelowa hadi kifuani.

"Mwalimu, wanangu wamefika?"

Mutinta akageuka. Walikuwa wameshakaa mstari wa mbele, wakibandua kurasa za vitabu vyao zilizogandamana.

"Wamefika," alisema.

Mama yao akaketi kizingitini. Mutinta aliweka alama mbele ya majina mawili, akajumlisha, akapata arobaini.