Jicho la Pili

Wenzake walimwita Katiba, kwa kuwa ndiye aliyeandika kanuni za programu yao ya kuandikia nota za muziki, iliyotolewa bure kwa kila mwenye kompyuta na kutunzwa na watu wa kujitolea. Kanuni aliyoienzi kuliko zote ilikuwa ya nne: hakuna apitishaye kazi yake mwenyewe. Kila rekebisho lisomwe na mwingine, naye achape ukurasa mmoja wa wimbo, auwekee rula, ahakikishe kila silabi imekaa chini ya nota yake.

Walikuwa kumi na wawili. Mmoja alifukuzwa, mwingine alioa, wa tatu alipata kazi iliyommeza mzimamzima, waliosalia wakanyamaza tu, kama wageni watokao shereheni bila kuaga. Akabaki Katiba, mpiga kinanda mstaafu, katika chumba chenye kinanda kilichofunikwa shuka na viti viwili, kimoja chake, kingine cha magazeti.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mfumo mpya wa kompyuta ulikuwa umeivuruga programu: ukichapa wimbo wenye maneno, inajizima. Tiba aliipata siku ya tatu. Tangu hapo siku kumi na tisa zilikuwa zimepita, tiba ikingoja jicho la pili.

Adhuhuri dada yake mdogo, mwalimu wa kwaya, alipiga simu.

"Kaka, kwaya yangu inaimba Jumapili. Dawa unayo, huna?"

"Ninayo. Haijakaguliwa."

"Nani wa kuikagua?"

"Hakuna."

"Makubwa! Mwenyekiti wewe, katibu wewe, na bado akidi haijatimia? Nipe mimi niikague."

"Wewe husomi msimbo wa programu."

"Na wewe husomi nyakati. Kesho nanunua ile ya dukani, na walimu wenzangu wote watanifuata. Usije ukasema sikukwambia."

Simu ilipokatika, Katiba alifungua ukurasa wa kuandikisha mkaguzi mpya. Nani angejua? Alibuni jina, akabuni anwani. Kidole kilikuwa juu ya kitufe alipomkumbuka Fundi Piano.

Miaka sita nyuma, fundi huyo, mrekebishaji wa piano na mwanzilishi mwenzake, alisubiri mkaguzi wiki tatu, kisha akajitungia jina la uongo na kujipitishia kazi. Katiba alimfukuza mbele ya wote, kwa aya nne zilizonyooka kama gwaride. Swali moja la mfukuzwa hakulijibu: "Wewe ulikuwa wapi wiki hizo tatu?"

Sheria ni msumeno. Katiba alilifuta jina la bandia herufi kwa herufi, akaandika barua pepe:

"Nilikuwapo. Niliiona kazi yako nikaiacha ingoje, kwa kuwa ilikuwa bora kuliko yangu. Leo yangu inangoja. Naomba uikague."

Mistari hiyo ilimlia alasiri nzima.

Jibu lilifika asubuhi. "Nimeweka rula. Mstari wa tatu, silabi ya mwisho imeangukia nota ya jirani. Rudia."

Alirudia. Saa sita likaja la pili: "Sasa safi. Kundini sirudi, na usiniandikie tena."

Katiba aliisoma barua hiyo mara mbili, akaisogeza mahali asipoweza kuifuta kwa bahati mbaya. Kisha akaitoa programu kwa watu. Kanuni ilidai mkaguzi atajwe, naye akaandika hadharani: "Amekagua Fundi Piano, ambaye zamani nilimngojesha kwa kusudi."

Dada alituma ujumbe: "Imechapa! Umepona, mzee wa kanuni."

Hakuna mwingine aliyesema neno. Katiba aliinuka, akayaondoa magazeti kwenye kiti cha pili, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasimama akikitazama. Kisha akayarudisha. Hayakuwa na pengine pa kukaa.