Kidude cha Marehemu

Gari liligoma Jumapili alasiri, siku mbili baada ya mwenye nalo kuzikwa.

Mdogo wa marehemu alikuwa ameliosha kwa mikono yake mpaka likang'aa. Alikwangua udongo wa makaburini kwenye matairi, akakunjua viti vya nyuma vilivyokunjwa Ijumaa kulipisha jeneza. Kisha akaketi kwenye usukani, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kile kile, kama cha mtu anayekusikia vizuri na hataki kukujibu. Pale mbele yalijitokeza maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma mtaa mzima.

"Shemeji, vipi?" mjane akauliza kutoka mlangoni.

"Linadeka kidogo. Litawaka."

"Liwake kweli. Kesho saa moja asubuhi wananisubiri langoni."

Mdogo mtu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Miaka minne marehemu alikuwa akiwapitia wagonjwa wa figo majumbani mwao na kuwapeleka kliniki wakasafishwe damu. Kazi hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba hii: mke, watoto wawili, na mama mzazi wa marehemu, aliyekaa chumba cha uani. Msimamizi wa kliniki alikuja msibani, akatoa pole, akasema kwa ule upole unaokata: "Leseni unayo, mama. Ukiitaka kazi ya mumeo, ni yako. Ila Jumatatu saa moja gari liwe langoni. Damu za wale watu hazisubiri msiba uishe. Likikosekana, nitampa mwingine." Mjane akaitikia palepale, macho makavu.

Mdogo mtu alikuwa dereva wa lori la mchanga, lori lenye ufunguo wa chuma mrefu kama kijiko, na fahari yake yote ilikuwa hapo: halijazaliwa gari la kumshinda. Akafungua boneti. Akakaza nati za betri, akalivuta gari la jirani karibu, akaunganisha nyaya. Taa zikawaka kwa nguvu, honi ikalia, lakini injini haikutoa hata kikohozi.

"Tulisukume!" jirani akasema, mikono tayari.

"Hili ni otomatiki, halisukumwi."

"Basi tulibembeleze. Labda nalo limefiwa."

Hakuna aliyecheka. Mdogo mtu akampigia simu fundi wa umeme wa magari, yule wanayemwita Waya, naye akafika kwa baiskeli na mkoba wake mgongoni. Hakugusa kitu. Alinyoosha kiganja tu.

"Ufunguo."

"Hili halina ufunguo. La kubonyeza."

Waya akacheka, kisha akakumbuka yuko kwenye nyumba ya msiba, akakimeza kicheko. "Bwana mkubwa, hili lina ufunguo kuliko hilo lori lako. Kuna kidude cheusi, kinene kama biskuti. Kinakaa mfukoni. Gari likikinusa humu ndani, linawaka. Lisipokinusa, hata ulililie."

"Na kama kimekwisha nguvu?"

"Hilo dogo. Unakigusisha palepale kwenye kitufe, huku umekanyaga breki, linawaka. Kesho unakitia betri mpya, mchezo umekwisha. Kileteni."

"Kipo," mjane akasema. "Ni kimoja tu, gari tulilinunua nacho hicho hicho. Alikuwa hakiachi."

Wakakitafuta. Wakamwaga droo kitandani, wakageuza godoro, wakakung'uta viatu vyake, jozi tatu, moja baada ya nyingine, na kila kiatu kilichodondosha changarawe kilimrudisha mjane nyuma hatua moja. Mama mzee akapekua hata kopo la sukari. Hakikuwepo.

Waya aliwasubiri ameegemea gari. Walipotoka mikono mitupu, akauliza, "Mara ya mwisho lilizimwa lini?"

"Ijumaa, tuliporudi kuzika," mdogo mtu akajibu.

"Na wakati wa kwenda nani aliliwasha?"

"Mimi. Nilibonyeza mara moja tu."

"Basi kidude kilikuwemo ndani. Mlikuwa nani na nani garini?"

"Wengine walipanda basi. Humu tulikuwa wawili. Mimi na kaka."

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Akajishika kwenye mlango wa gari.

Koti. Lile la kijivu, lililoning'inia nyuma ya mlango tangu siku kaka yake alipoanguka. Yeye ndiye aliyechagua azikwe nalo. Yeye ndiye aliyemvisha, mkono wa kulia kisha wa kushoto, akafunga vifungo, na chini ya kiganja chake, juu ya moyo usiopiga, akahisi kitu kigumu. Mzee aliyekuwa akimsaidia alimwambia, "Mfukoni mna kitu, kijana." Naye akamjibu kwa ukali, kifua mbele: "Miwani yake hiyo. Kaka yangu hapekuliwi." Mzee wa watu akainamisha kichwa. Loo, jinsi alivyojiona mwanamume saa ile!

Na si hilo tu. Makaburini mikono haikutosha. Alishuka mbio akabebe jeneza, gari akaliacha linanguruma. Aliporudi garini baada ya kuzika, likaanza kulia, ti, ti, ti, na picha nyekundu ikamulika pale mbele. Alidhani ni mlango. Akaufungua, akaubamiza. Likalia njia nzima, naye akalipigapiga kama unavyompiga mtoto mgongoni: "Basi. Nawe basi, usilie." Akafika nyumbani. Akalizima kwa kidole chake mwenyewe.

Aliyasema yote palepale kando ya gari, bila kujificha, kwa sababu mwongo hakuwa. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali.

"Kuna njia nyingine?" akamuuliza Waya.

"Yupo mtu mwenye mashine ya kutengeneza kipya. Anatoka mbali, huku anafika mwisho wa mwezi." Waya akakwangua ardhi kwa ncha ya kiatu. "Ama..."

"Nachimba," mdogo mtu akasema. "Udongo wenyewe bado laini. Nusu saa."

Sauti ya mama mzee ikatoka uani, ndogo, kavu. "Chimba. Na ukishamvua mwanangu koti, usilifukie hilo shimo. Niachie mimi."

Mdogo mtu akamgeukia mjane. Alijua kwamba mjane akiitikia tu kwa kichwa, yeye ataenda, na mama atalaani, na kesho wagonjwa watapata gari. Mjane hakumtazama.

"Fundi, betri ya hicho kidude inaishi muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

"Kwa hiyo hivi tunavyoongea, kinafanya kazi."

Waya alivua kofia. "Kinafanya kazi, dada."

Mjane akakaa chini, kwenye tope la maji ya kuoshea gari, akafunika uso. "Mwacheni alale," akasema. Baadaye akampigia simu msimamizi. Wote waliisikia ile sauti ya upole ikisema pole sana mama, ikisema mwisho wa mwezi ni mbali, ikisema tena pole.

Mdogo mtu hakukubali. Kukubali hakukuwemo katika damu yake. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa juu ya kaburi, sepetu mkononi, bila ruhusa ya mtu. Alipanga kumaliza kabla jua halijapanda, kisha alaumiwe na dunia nzima, potelea mbali. Akaichoma sepetu ardhini. Ikazama. Ilizama yote mpaka kwenye mpini bila kubishana, kama ardhi ilikuwa ikimsubiri, kama hapa chini hapana mtu wa kumzuia. Hapo ndipo alipovunjika. Mwamba angeupasua. Alikuwa amekuja kupigana, na udongo haukupigana. Akaichomoa taratibu, akapiga magoti, akaliziba lile tundu kwa viganja, akalisawazisha, akalisawazisha tena. Chini, kimo cha mtu na zaidi, kidude kilikuwa hai juu ya moyo wa kaka yake.

Aliporudi, saa moja ilikuwa inagonga. Mjane alikuwa ameketi kwenye usukani, amevaa nguo za kazi zilizopigwa pasi, mkanda amefunga, orodha ya wagonjwa juu ya goti. Alikanyaga breki, akabonyeza. Yale maandishi ya kigeni yakawaka, yakazimika. Akabonyeza tena.

Mdogo mtu alisimama kando ya dirisha, udongo mpaka kwenye viwiko. Mjane aliuona ule udongo, akajua shemeji yake alikotoka, akajua kwamba ameshindwa. Simu yake ikaita mara moja ndani ya mkoba, ikakatika.

Akafungua mkanda. Akaikunja orodha mara mbili, kisha mara nne.

"Shemeji."

"Naam."

"Siku yangu ikifika, nipekue. Usinionee haya."