Mama Mkwe Asahihisha Hadithi

Mshonaji hakwenda kwenye darasa la uandishi kwa kupenda kuandika. Alimwonea huruma mama mkwe wake, ambaye tangu wafike ugenini alikuwa akishinda ndani, amenuna kama kafiwa. Basi aliposikia kwamba maktaba ina darasa la bure kwa wakimbizi, tena mwalimu anaongea lugha yao, akamwambia waende.

"Mimi kalamu sijui hata kuishika," bibi huyo akang'aka. "Nikafanye nini huko, niwe pambo?"

"Utakaa tu, mama. Kuna chai."

"Chai yao maji ya kuoshea vikombe." Lakini alikwishajitanda mtandio wake mzuri, akatangulia mlangoni.

Huko maktaba walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mwalimu, mhariri wa gazeti huko nyumbani kabla naye hajakimbia, akawaambia waandike juu ya mtu ambaye hawajawahi kumshukuru. Kinyozi mmoja akasoma habari za dereva aliyemficha nyuma ya magunia. Kisha ikawa zamu ya mshonaji. Alisoma kwa sauti ya chini, macho hayabanduki kwenye karatasi.

"Siku tuliyokimbia, mume wangu alikuwa safarini. Mimi nilikuwa na homa, mwanangu sikuweza kumbeba. Mama mkwe akamfunga mgongoni, tukatembea. Njia nzima alinisema. Alisema viatu vyangu, mwendo wangu, hata maharage aliyodai niliyaunguza siku ya harusi yangu. Nilimchukia. Lakini kila nilipotaka kujilaza nife, hasira ilininyanyua nikamjibu."

"Uongo!"

Bibi alikuwa amesimama. Chumba kizima kikageuka. Mshonaji akatamani ardhi immeze.

"Si siku ya harusi. Ni kesho yake. Ukiandika, andika sawasawa!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alirekebisha mtandio, sauti ikashuka.

"Na hayakuungua. Yalikuwa matamu. Nilikuona ukilegea, mwanangu, nikajua ukikaa hutainuka. Kubembeleza sikuzaliwa nako. Kukukera ndiko ninakokuweza. Basi nikakukera. Maneno ya kweli yaliponiishia, nikawa natunga."

"Kumbe mtunzi ni wewe, mama," mwalimu akasema, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Mshonaji akaiweka karatasi chini. Muda wote ule alikuwa na kinyongo moyoni, na kumbe kila neno lilikuwa mkono uliomshika asianguke. Akainuka, akamkumbatia bibi. "Ahsante, mama. Ahsante sana."

"Haya, haya, utanivunja mbavu. Kaa umalize kusoma, watu wanangoja."

Wakawa wanakwenda kila wiki, bibi akisimulia, mshonaji akiandika, wakibishana hadi kinyozi awaamue. Maktaba ilipoandaa siku ya kuwasomea watu, mume wa mshonaji, aliyewafuata ugenini baadaye, alitoka moja kwa moja kiwandani alikopata kibarua, bado ana sare, akampakata binti yake mstari wa mbele. Hadithi ilipokwisha, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mbona hamkuniambia haya yote?"

"Hukuuliza," mama yake akajibu. Kisha akamvuta mkwewe kwa mkono, akamsogeza mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyeandika. Mpigieni makofi vizuri."