Kondoo wa Nadhiri

Kondoo wa nadhiri alinenepa hadi akawa anapita mlango wa banda kwa kujibana, na mwanangu Aron alikuwa bado hajaanza mechi hata moja. Nilimtaja kondoo huyo kwa kinywa changu, nimesimama mbele ya usharika wetu hapa Malindi ya milimani, juu ya Tanga, mwaka Aron alipochukuliwa na timu ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam: siku mwanangu atakayoanza mechi na wenzake, nitampeleka kondoo huyo madhabahuni. Nilidhani ni jambo la mwezi au miwili. Msimu wa kwanza kocha wake, binti aitwaye Mwanaidi, alimfundisha kuruka na kutua tu, kama kifaranga. Wa pili akamwonjesha dakika za mwisho, mechi ikiwa imeshaamuliwa.

Jirani yangu Beatha hakuniacha nipumue. "Mama Aron, mtoto kaenda mpaka Dar kukalia benchi? Mbona hapa kanisani mabenchi yamejaa tele!" Nilicheka naye, kisha nikaenda kumlilia Mungu wangu shambani, katikati ya kabichi.

Basi kocha mmoja aitwaye Jamali alipopanda mlima kutoka Tanga, wiki ya sikukuu ya mavuno, Aron akiwa nyumbani likizo, nilimwona kama jibu la maombi. Naye alikuwa na timu. Alipuliza chai, akasema, "Mama, kwangu Aron anaanza mechi ya kwanza. Kijana mrefu hivi hawekwi akiba."

Moyo ukaniruka. Nikamwita Aron alete kiti kingine. Aliinuka kwa kushika ukuta, alidhani sikuona.

"Na goti lake?" nikauliza.

"Goti la kijana, mama, huzoea humo humo mchezoni."

"Hiyo nafasi unayompa ilikuwa ya nani?"

"Ya Yohane. Kijana hodari sana. Aliumia."

"Yuko wapi sasa?"

Jamali akatazama ndani ya kikombe. "Yuko kwao, nadhani."

Neno lile la mwisho likaniingia kama baridi ya alfajiri. Nikakumbuka simu za Mwanaidi, kila Jumapili ya likizo nikitoka ibadani. Goti limevimba? Analala vizuri? Anakula maharage au anashindia viazi? Nilikuwa nikimwona msumbufu, amenifanya nesi wa mwanangu mwenyewe. "Mama, amerefuka haraka kuliko magoti yake," aliwahi kuniambia. "Tuyasubiri."

Jamali alipoteremka, Aron alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa chini ya kizingiti.

"Mama, nimechoka kutazama wenzangu wakicheza. Ukisema niende, kesho naenda."

"Najua umechoka. Na mimi nimechoka kuchekwa. Lakini mtu asiyejua Yohane yuko wapi, siku moja nikimuuliza habari zako atanijibu nini?"

Alitoka, nikamsikia akidunda mpira nyuma ya jiko, kwa hasira, kisha polepole, kisha kimya.

Jumapili ya mavuno nilimfunga kondoo kamba. Njiani Beatha, kikapu cha peasi kichwani, akasimama.

"Haa! Ameanza?"

"Bado."

"Sasa kondoo wa nini? Umebadili nadhiri?"

"Nadhiri iko pale pale. Wa nadhiri nitafuga mwingine. Huyu ni wa shukrani."

"Shukrani ya benchi!"

"Ya benchi."

Akatikisa kichwa. Lakini kondoo alipogoma kwenye mwinuko, alitua kikapu chake, tukamsukuma pamoja.

Aron aliingia kanisani wimbo wa pili, begi la kurudi Dar begani, akaja kukaa kando yangu. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaichungulia.

"Mwalimu Mwanaidi anauliza goti," akaninong'oneza.

"Basi mjibu ukweli."

Akaandika akiwa ameinama, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nje kondoo alilia akingoja mnada wa sadaka za mavuno. Mabenchi yetu yalichongwa kwa ajili ya watu wafupi. Magoti ya mwanangu yaligota benchi la mbele. Nikasogea, nikamwachia nafasi ayanyooshe.