Ukuta wa Upande wa Kitanda

Majirani walimwita Mama Fagio, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Sakafu yake iling'aa mpaka wageni wakaona haya kuikanyaga. Siku fundi wa mchwa alipokuja kukagua nyumba, Mama Fagio alikuwa amedamka kufuta hata juu ya milango, mahali ambapo hakuna binadamu anayetazama. Alikuwa anaiuza nyumba hiyo. Mnunuzi alikuwa mwalimu mmoja mpole, naye alishakubali kila kitu, ukabaki ukaguzi huo tu. Nyumba ikipita, Mama Fagio angehamia chumba cha kupanga karibu na makao ya wazee, amwone mumewe kila siku. Isipopita, basi tena.

Mumewe alipelekwa huko mvua zilipoanza. Mwili ulikuwa haujambo, ila kichwa, walisema, ndicho kilichoharibika. Mzee alikuwa anasikia vitu. Akijilaza mchana, sikio karibu na ukuta, utamsikia: "Mama watoto, kuna kitu kinatafuna humu ndani."

Mwanzoni mkewe alimtania. "Ni tumbo lako hilo, baba watoto, linadai chakula."

Baadaye utani ukamwisha. Akawa anamshika mkono, anamsogeza mpaka ukutani. "Haya, tazama mwenyewe. Kuna nini hapo? Ukuta mweupe pe!" Mzee alitazama, akakubali kwamba hapana kitu, na kesho yake akasikia tena. Akaanza kugonga mbao kwa fimbo. Binti yao alipokuja kuwasalimia, alimkuta baba yake anaugombeza ukuta kama mtu anayemfukuza mdai. Alilia, kisha akafanya mipango. Ni rahisi kusema mzee amerukwa na akili, kuliko kusogeza kitanda. Mama Fagio hakupinga. Kusema kweli alikuwa hoi, na siku gari lilipomchukua mumewe alilala usingizi wa pono.

Fundi wa mchwa alikuwa bwana mnene, mcheshi, mwenye tochi na bisibisi. Alipita sebuleni na jikoni akigonga mbao kwa mpini, kichwa kimeinama upande. "Mama, humu hata mchwa akiingia lazima avue viatu," alisema. Mama Fagio alicheka kwa sauti. Moyoni alishaanza kupanga vyombo kwenye makasha.

Chumbani fundi aliomba kitanda kisogezwe. Ukuta wa upande ule ulikuwa wa mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Aligonga mara moja, akanyamaza. Akagonga chini zaidi, kisha akageuza bisibisi na kuisukuma kwa kidole tu. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye mkate.

"Njoo usikilize, mama."

Alipiga magoti, akaweka sikio palepale mumewe alipokuwa akiweka lake. Kwanza alisikia pumzi zake mwenyewe. Halafu akaisikia: sauti ndogo, kavu, isiyokatika, kama mtu anayemwaga mchele kidogo kidogo kwenye gazeti.

"Mimi kinachonishangaza ni kimoja," fundi alisema. "Mchwa wakiwa wengi namna hii lazima wapandishe vinjia vya udongo ukutani. Hujawahi kuona michirizi ya udongo hapa?"

Alikuwa ameiona. Aliiona kila asubuhi, nyuma ya kitanda, myembamba kama uzi, akadhani ni uchafu wa nyigu. Aliifuta kwa kitambaa chenye maji mzee akiwa bado bafuni. Na alipomaliza kufuta, ndipo alipomwita aje aone ukuta ulivyo safi.

"Sijaona," alijibu. Ulimi ulimtangulia, na aibu ikamshika hapohapo.

Fundi alipanda darini. Aliposhuka, utani wote ulikuwa umebaki huko juu. "Nisikufiche, mama. Boriti zimebaki maganda. Usilale humu tena." Mwalimu, aliyekuwa akisubiri barazani, alisema pole huku akitazama viatu vyake, kisha akaaga. Fundi naye akafunga mkoba wake.

Mama Fagio alikaa ukingoni mwa kitanda, katikati ya chumba, akapiga simu kwenye makao ya wazee. Alisubiri mlezi ampelekee mzee simu.

"Baba watoto, ni mimi. Leo nimesikia. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Wamo ukutani, ni mchwa. Hukuwa na wazimu wowote. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta njia zao, halafu nakuonyesha ukuta."

Alimsikia mumewe akivuta pumzi na kusafisha koo. Kisha sauti ikaja taratibu, ya adabu mno, sauti ya mtu anayejibu mtihani.

"Hapana, mama watoto. Mimi sisikii kitu siku hizi. Muulize hata mlezi hapa."

"Nisikilize, mume wangu. Nakwambia ulikuwa sahihi."

"Hakuna kitu," mzee alisema haraka. "Ukuta mweupe pe. Nimepona kabisa."

Mama Fagio alitazama tundu la bisibisi. Mchwa walishaanza kuliziba kwa udongo mbichi. Kitambaa chake cha kufutia kilikuwa mapajani mwake, naye hakukigusa.

"Mama watoto? Bado upo?" mzee aliuliza. "Basi unakuja lini kunichukua, turudi nyumbani?"