Wanafunzi wa Mwalimu Tak Hugonga Mara Mbili

Mtu anayefunga dirisha ili afundishe wimbo ambao hata wauza samaki wa mji wetu wa Suncheon, huku Korea, wanaujua, ana jambo. Hivyo ndivyo nilivyojisemea siku ya kwanza nilipombebea binti yangu Seul-gi ngoma yake hadi kwa Mwalimu Tak, juu ya duka la miwani.

Seul-gi alikuwa amemaliza chuo cha muziki zamani. Kilichombakia ni mtihani wa serikali wa kuajiriwa ualimu, na mtihani huo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Sehemu ya kuandika aliipita bila shida. Alikuwa akianguka kwenye sehemu ya pili, pale mtahiniwa anapokaa sakafuni mbele ya watahini, akapiga janggu, ile ngoma yetu yenye kiuno chembamba, huku akiimba wimbo wa kienyeji. Safari hii alisema wazi: akianguka tena anakwenda kisiwani Wando kwa mjomba wake kukausha mwani, na neno ualimu lisitajwe tena nyumbani. Namjua binti yangu. Akisema, amesema.

Ndiyo maana tukamtafuta Tak. Wanafunzi wake walikuwa wakifaulu. Si wote, lakini wengi mno kwa mtu anayefundishia kwenye chumba chenye ukungu ukutani.

"Mzee Bang," aliniambia mlangoni, "wewe subiri chini."

"Nitakaa kimya, Mwalimu. Kona ile inanitosha."

"Wazazi hawakai. Na simu ya binti ondoka nayo. Humu hakuna kurekodi."

"Kwani mnafundishana kuimba au mnapanga kuvunja benki?"

Hakucheka. Akafunga mlango, kisha nikasikia dirisha nalo likifungwa.

Nilikaa kwenye ngazi. Mlango wa mbao nyembamba hauzuii ngoma. Nikasikia kifimbo kikigonga ukingo wa ngoma, ko, ko, kisha kimya kidogo, kisha wimbo. Akakatishwa.

"Umegonga kama mtu anayebisha hodi chooni! Zilingane! Anza upya."

Ko, ko. Wimbo. Akakatishwa tena. Karibu nusu ya somo ilikwenda kwenye kule kugonga, wala si kwenye kuimba.

Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza, "Zile ko, ko ni za nini?"

"Mwalimu anasema ni kuisikiliza ngozi. Ngoma ya mtihani si yako, na ukumbi una joto la mashine, ngozi inakaza."

"Ukaridhika?"

"Ngozi husikilizwa katikati, Baba. Ukingoni husikii kitu cha maana."

"Sasa?"

"Sasa wanaofaulu ni wanafunzi wake. Mimi nimefaulu lini?"

Neno hilo lilininyima usingizi. Asubuhi nilikwenda sokoni kwa Mama Hye-rim, muuza kimchi, zile mboga zetu za kuchachusha kwa pilipili, ambaye bintiye alipita kwa Tak na sasa anafundisha kule Gurye.

"Hye-rim naye aligonga?" nikamwuliza.

"Wote wanagonga, Baba Seul-gi! Asiyegonga hapiti. Ulikuwa hujui? Na wewe unavyojifanya msomi!"

"Na huyo anayegongewa ni nani?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniinamia juu ya beseni la figili. "Wanasema mkuu wa watahini alilala chumba kimoja na Tak walipokuwa chuo. Lakini mimi sijasema kitu. Chukua figili zako uende."

Majina ya watahini ni siri. Siri gani katika mji huu?

Basi nikaketi nikafikiri kama mtu aliyesoma. Mtahiniwa huingia bila jina, ana namba tu kifuani. Akitaja jina lake, chuo chake au mwalimu wake, anatolewa. Mdomo umefungwa, lakini kifimbo hakijafungwa. Ikiwa kugonga ni ishara na ikagundulika, Seul-gi atazuiwa kufanya mtihani miaka mingi. Isipogundulika, atasimama mbele ya watoto wa watu kwa kazi aliyoiiba. Na ikiwa ni ishara naye asigonge, basi ni Wando na mwani. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma zaidi.

Nilimwendea Tak mchana, nikamkuta anakula tambi za moto peke yake.

"Mwalimu, yule mkuu wa watahini anakusalimu," nikamtupia.

Tambi zikamkwama. "Nani? Yule? Anisalimu mimi? Mzee, yule na mimi hatujasemezana tangu aunguze sufuria yangu ya wali. Akijua mtahiniwa ni mwanafunzi wangu atamwangusha kwa mikono miwili!"

"Sasa wanamgongea nani?"

Akaenda kuhakikisha mlango umefungwa, akarudi akakaa karibu nami kuliko nilivyopenda.

"Neno hili likitoka nje nimekwisha."

"Sema."

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kwa nini wanagonga!" Akashika kichwa. "Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi, Nam-hui. Alipokaa mbele ya watahini mkono ulimtetemeka, kifimbo kikagonga ukingo mara mbili. Akatoka analia, anajua ameharibu. Matokeo yakaja, yeye wa kwanza mkoa mzima. Mwaka uliofuata nikawaambia wawili wagonge. Wakapita wote. Mmoja akakataa, anasema ni ushamba. Akaanguka. Ungekuwa wewe, Mzee Bang, ungethubutu kuacha?"

"Na dirisha unafungia nini?"

"Yule mama wa ng'ambo ya barabara naye anafundisha. Ataiba."

Nimeona wezi wengi wakijitetea, kila mmoja na hadithi yake. Sijaona mwizi anayejiita mjinga ili aokoke. Hata hivyo sikumwamini kabisa. Mtu aliyekudanganya kuhusu ngozi ya ngoma anaweza kukudanganya kuhusu Nam-hui.

Jioni nilimweleza Seul-gi yote, la Mama Hye-rim na la Tak. Alikuwa anamenya vitunguu saumu, akaendelea kumenya.

"Kwa hiyo ama ni wizi, ama ni ujinga."

"Ndivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Kifimbo utakishika wewe, mama."

Akaweka kisu chini. "Baba, umenipokonya kitu. Jana nilikuwa nagonga bila kuwaza."

Nikakiokota kisu, nikamalizia vile vitunguu.

Siku ya mtihani baridi ilikuwa kali. Mama Hye-rim alikuja na peremende za kunata ili bahati imgande mtoto, na supu ya mwani hatukuwa tumeipika nyumbani tangu majira ya kupukutika majani, maana mwani huteleza, na mtihani nao ungemteleza. Nilisimama getini na wazazi wengine hadi Seul-gi alipotoka. Nikampeleka kwenye mgahawa wa supu ya utumbo, nikangoja ale kidogo.

"Kile chumba cha kusubiri kiko jirani na cha mtihani," akaanza. "Unasikia yote. Anaingia wa kwanza: ko, ko. Wa pili: ko, ko. Baba, wote! Wa mama wa ng'ambo, wa Mokpo, watu ambao sijawahi kuwaona. Mmoja akagonga mara tatu, nadhani alitaka kuwazidi wenzake."

"Na wewe?"

"Nikaingia, nikakaa, nikainua kifimbo. Yule mtahini wa katikati akainua kichwa, akanitazama. Naapa Baba, alikuwa ananingoja nigonge."

"Ukafanyaje?"

"Nikameza mate, nikaimba."

Niliweka vijiti vyangu vya kulia mezani. "Alikungoja kwa sababu amepatana na Tak, au kwa sababu ameshinda anasikia ko, ko tangu asubuhi?"

"Uso wake haukusema. Kula, supu inapoa."

Matokeo yalitoka theluji ikiwa bado barabarani. Jina lake lilikuwa karibu na mkia wa orodha, lakini lilikuwemo. Nililia mbele ya binti yangu, nikasingizia pilipili. Tukiwa katika hali hiyo simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Tak. Seul-gi akaiweka mezani ili nami nisikie.

"Hongera, Mwalimu mwenzangu! Nilijua tu. Uligonga vizuri, eh?"

"Sikugonga, Mwalimu. Nisamehe."

Nilidhani simu imekatika.

"Hukugonga," akarudia taratibu. "Sasa pale mwanzo, kabla ya kuimba, ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilimeza mate tu."

Tukasikia akivuta karatasi, akitafuta kalamu.

"Mara ngapi?"